Mama Aliyeniamini na Mmea Wake wa Dirishani

Simu ilipoita Jumanne ya wiki iliyopita nilikuwa mezani, kikombe cha chai mkononi, nikipitia barua zenu za juma lililotangulia. Ilikuwa namba ya Lushoto ninayoifahamu. "Shikamoo mwalimu," ilisema sauti ya mwanamke, nami nikaitikia na kuuliza habari za huko, baridi inasemaje, watoto wanaendeleaje, kwa sababu ndivyo tunavyoanza. Aliyajibu yote kwa utaratibu, moja baada ya jingine, kama alivyolelewa. Kisha akasema, "Mwalimu, mama ametutoka. Alfajiri ya leo. Alikuwa usingizini." Nikauliza swali la kijinga kuliko yote niliyopata kuuliza: "Mama yupi?" Nilijua ni yupi. Nadhani nilikuwa natafuta kitambo kidogo tu ambacho ndani yake angekuwa bado hai, nami ningekuwa bado na nafasi ya kwenda kumwambia neno nililolibeba miaka mitatu bila kulitua.

Wengi wenu mnamfahamu marehemu. Hamjui jina lake, wala leo sitalitaja, lakini mlisoma habari zake katika ukurasa huu na mkaniandikia kwa wingi kuliko mlivyowahi kuniandikia kuhusu jambo lolote. Ni yule mama wa Lushoto niliyemwandika pamoja na mmea wake unaotambaa dirishani. Barua zile bado ninazo. Mlisema mmelia, mmeisoma mbele ya familia zenu, nimewagusa. Sikuwahi kuwaeleza kilichofuata. Binti yake ndiye aliyenipa ruhusa ya kueleza leo, tena kwa sharti. "Andika, mwalimu," aliniambia, "lakini safari hii na wewe uwemo." Basi nimo.

Nilifika Lushoto nikiwa kijana wa miaka ishirini na mitano, mwalimu mpya, mtoto wa Singida ambako macho huona mbali bila kuzuiwa na kitu. Kupanda kutoka Mombo, basi likizunguka kona juu ya kona, nilidhani napelekwa mahali ambako hakuna mtu atakayenipata tena. Shule haikuwa na nyumba za walimu za kutosha, nikaelekezwa kwa fundi seremala mmoja aliyekuwa na chumba cha uani, njia ya kwenda Irente. Fundi alikuwa mtu wa maneno machache sana. Mkewe ndiye aliyenipokea. Alinitazama nilivyokuwa natetemeka ndani ya shati langu la mikono mifupi, akaingia ndani, akatoka na sweta la mumewe. "Vaa kwanza," alisema, "halafu ndiyo tusalimiane." Nilivaa, nikampa shikamoo yake, na tangu siku hiyo nilimwita mama. Alikuwa mkulima wa kabichi na karoti, mwimbaji wa kwaya ya kanisa la Kilutheri, mwanamke mwembamba mwenye mikono mikubwa. Walikuwa na watoto wawili, mvulana na msichana mdogo wake, ambaye baadaye nilimfundisha.

Sebuleni kwao, kwenye dirisha linalotazama mashariki, palikuwa na mmea. Wauza maua wa mjini siku hizi wanauita ua la nta, kwa sababu majani yake ni mazito na yanang'aa kama yamepakwa mshumaa. Wakati ule sikumsikia mtu akiuita jina lolote. Ulikuwa kwenye kopo la maziwa ya unga lililoshika kutu, na shina lake jembamba lilitambaa kwenye fremu ya dirisha, likapita juu ya mlango, likaufuata ukuta hadi karibu na saa. Kila hatua chache palikuwa na kijiti kidogo cha mbao kilichopigwa ukutani ili kuushikilia, kimechongwa laini, kina mdomo uliopinda kama kidole kinachoita. Fundi ndiye aliyevichonga. Mmea wenyewe ulikua polepole mno. Kuna mwaka ulitoa majani mawili tu. Nilimcheka mama siku moja, nikamwambia kabichi zake zinavunwa mara tatu kabla mmea huu haujaamua kutoa jani moja. Yeye alikuwa akiyafuta majani kwa kitambaa kilicholowa, moja moja, mbele na nyuma, kama mtu anayemnawisha mtoto uso. "Kabichi ni za kuuza," alisema. "Huu si wa kuuza."

Mwaka wangu wa pili alifiwa na dada yake huko Muheza, akaondoka kwa wiki nzima. Fundi alikuwa na kazi ya madirisha ya kanisa, kwa hiyo mmea aliniachia mimi. Masharti yalikuwa mafupi: nisiusogeze, nisiuweke juani, na maji nisiutilie kabisa mpaka arudi. Nilisikia, lakini sikuamini kwamba kitu kilicho hai kinaweza kukaa wiki nzima bila maji na kikaitwa kimetunzwa. Nikawa naumwagilia kila asubuhi kikombe kimoja, kwa moyo mweupe kabisa. Aliporudi majani sita yalikuwa yamegeuka njano, na shina karibu na udongo lilikuwa laini kama ndizi iliyoiva kupita kiasi. Hakunikaripia. Alikaa sakafuni akiwa bado na kanga zake za msibani, akautoa mmea kwenye kopo, akaikata mizizi iliyooza kwa kisu cha jikoni, akaupanda upya kwenye udongo aliouchanganya na maranda ya karakana na vipande vya mkaa. Ilimchukua mchana mzima. Nilibaki mlangoni nisijue pa kuweka mikono yangu. Alipomaliza aliniambia, "Wewe umeupenda, mwalimu, ila umeupenda kwa haraka. Huu unataka uuache uwe na kiu kidogo." Nilidhani ananifundisha ukulima.

Mwaka wa tatu mmea ule ulitoa maua. Ilikuwa mara ya kwanza tangu alipoupata. Kikonyo kidogo kilikuwa kimejitokeza karibu na saa, kikakaa wiki nyingi kama kitu kilichosahauliwa, kisha kikavimba na kufunguka kishada cha maua madogo meupe yenye umbo la nyota, katikati yamekolea wekundu, mazito kiasi kwamba ungeapa yametengenezwa kwa mkono. Jioni ile nyumba ilijaa harufu tamu. Fundi alikuwa bado karakanani na watoto walikuwa wametumwa kwa bibi yao. Nilimkuta mama amekaa kwenye kiti chini ya saa, mikono mapajani, analia bila sauti. Nikataka kurudi nyuma. Akasema, "Kaa, mwalimu. Leo nina neno, na sina wa kumwambia."

Aliniambia kwamba kijana wake niliyemjua, ambaye nyumbani humo na kanisani kote aliitwa kifungua mimba, hakuwa wa kwanza. Kabla yake alijifungua mtoto mwingine katika hospitali ya misheni, mtoto aliyepumua kwa muda mfupi tu. Mama hakuonyeshwa kaburi. Wakati ule yeye alikuwa bado hajiwezi, wanawake wa ukoo wakamchukua mtoto wakamzika, na aliporudi nyumbani mumewe alimwambia, si kwa ubaya, mama alisema, kwa maumivu tu: "Hili tusilizungumze tena." Hawakulizungumza tena. Pale hospitalini, kitanda cha jirani, alilazwa mwanamke mchuma chai kutoka upande wa Mponde, mgeni aliyetoka Kigoma kutafuta kazi, asiye na ndugu wa kumletea hata uji. Mama alikuwa akimgawia uji wake. Siku ya kuruhusiwa, mwanamke yule alitoa kwenye kifurushi chake kopo lenye kijiti cha majani mawili, akampa. Alisema amekikata kwenye nyumba aliyokuwa akifanya usafi, hakina thamani, lakini hakifi ovyo. "Dada, hukupewa kitu cha kubeba kurudi nacho," alimwambia. "Beba hiki." Hawakuonana tena.

"Kwa hiyo huu una miaka kumi na sita," mama aliniambia akiutazama ukuta. "Na yeye angekuwa na kumi na sita." Niliuliza kama fundi anajua. "Sikuwahi kumwambia. Lakini vile vijiti vya ukutani, sikuwahi kumwomba hata kimoja. Kila mmea ulipofika kijiti cha mwisho, nilikuwa naamka nakuta kingine." Alifuta macho kwa upindo wa kanga, akainuka kwenda kuwasha moto. Mlangoni aligeuka. "Hata wanangu hawajui, mwalimu." Nikamwambia, "Nimekuelewa, mama." Hayo ndiyo maneno yangu. Nimeyatafuta mengine yanayoweza kunisaidia, sikuyapata.

Miaka ilipita. Niliacha chaki, nikahamia mjini, nikajifunza kazi hii ya kukuandikieni. Fundi alifariki, nilikwenda kumzika. Mama nilikuwa nampigia simu Krismasi na Pasaka. Sitawadanganya kwamba kazi ya safu ni ngumu kama kulima kabichi kwenye mteremko, lakini ina njaa yake. Kila wiki inataka kulishwa. Ukishaandika kuhusu barabara na umeme na bei za vitu, unaanza kupapasa mifukoni mwa maisha yako kutafuta kilichobaki. Miaka minne iliyopita, wiki moja ya mvua nyingi, sikuwa na kitu. Mhariri alipiga simu mara mbili kuuliza safu iko wapi. Mara ya pili nilimwambia inakuja baada ya saa moja, nikakaa, na mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye dirisha lile. Niliandika bila kusita popote. Niliandika kopo, vijiti vya fundi, kitambaa kilicholowa, mchuma chai, maua, na niliandika mtoto. Jina la mama sikulitaja, na nikajiona nimekuwa mwangalifu kwa hilo. Nilipomaliza nilikuwa na machozi, na machozi yale niliyachukua kuwa ushahidi kwamba nimefanya jambo jema.

Mnajua mlivyoipokea. Watu waliupiga picha ukurasa wakautuma kwenye simu za wenzao, na wenzao wakautuma kwingine. Mwisho ukafika Lushoto, ambako fundi seremala aliyechonga vijiti vya kushikilia mmea ukutani, njia ya Irente, alikuwa mmoja tu. Binti yake alikuwa sokoni akinunua nyanya, mwanamke wa kwaya akamshika mkono akamwambia pole. Akauliza pole ya nini. Yule mwanamke akamwonyesha simu. Hivyo ndivyo binti alivyojua kwamba aliwahi kuwa na ndugu mwingine: amesimama katikati ya soko, nyanya mkononi, anasoma kwenye simu ya mtu. Kaka yake, aliyekuwa kifungua mimba kwa zaidi ya miaka thelathini, alisomewa na wafanyakazi wenzake huko Tanga. Alimpigia mama yake akamuuliza swali moja, "Kwa nini tulisikie kwa mwandishi?" Kijana hakupanda kuja nyumbani kwa muda mrefu baada ya hapo.

Kisha wakaanza kuja watu. Kwanza alikuja mama mmoja kutoka Soni, aliyepoteza mtoto mwaka ule ule. Alikaa sebuleni, akanywa chai, akashindwa kusema alichojia, na mama alielewa bila kuambiwa. Alichukua mkasi akamkatia kipande chenye majani mawili, akamfungia kwenye gazeti. Wakaja wengine kama yeye, kutoka Bumbuli, kutoka Mnazi huko bondeni, wengine kwa miguu. Hakuna aliyerudi mikono mitupu. Lakini mlango ulio wazi kwa mwenye uchungu ni wazi pia kwa asiye na uchungu. Walikuja wageni wa mapumziko kutoka mjini wakitaka kupiga picha dirishani. Walikuja vijana wanaouza maua, wakajifunza mapema neno la kusema mlangoni, na mama hakuweza kumuuliza mtu, "Je, kweli umefiwa?" Akawa anakata. Binti alimsihi aache. Alimjibu, "Nikimnyima mmoja kwa kumshuku, na kumbe ni kweli, nitalalaje?" Hata kikonyo cha maua kilikwenda. Mmea wa aina ile hurudia kutoa maua kwenye kikonyo kile kile cha zamani, ndiyo maana kwa miaka yote hiyo hakukiruhusu kiguswe. Mgeni mmoja alikikata mwenyewe wakati mama amekwenda jikoni kumletea maji ya kunywa.

Haya yote niliyajua mwaka mmoja baadaye, nilipopata safari ya kikazi ya kupanda milima hiyo na nikaamua kumpitia. Nilibeba sukari na majani ya chai na zawadi ya kitenge, na kusema kweli nilibeba pia kijisehemu cha majivuno, kwa sababu nilidhani anajua nimemwandika na atakuwa amefurahi. Alinipokea kama siku zote. Alikuwa amezeeka ghafla, mgongo umepinda. Aliniwekea makande, akakaa kunitazama nikila. Niliinua macho kuutafuta mmea. Kuanzia fremu ya dirisha, juu ya mlango, hadi kwenye saa, palikuwa na vijiti vya fundi peke yake, vimepinda midomo, havijashika kitu. Nikauliza, "Mama, mmea umekufa?" Akasema haujafa, kuna kisiki kimebaki, amekihamishia chumbani kwake. Hakuniambia habari za wageni. Hizo alinieleza binti nje baadaye, akinisindikiza. Mama alisema jambo moja tu, kwa sauti ile ile aliyonikaribishia makande.

"Uliandika vizuri, mwalimu. Nilisomewa mara mbili. Lakini yale, nilikuambia wewe."

Ndugu zangu, mimi ni mtu wa maneno. Maneno ndiyo jembe langu. Na siku ile, mbele ya mwanamke yule aliyenivalisha sweta nilipokuwa natetemeka, neno moja lililohitajika halikunitoka. Nilisema baridi ya mwaka huu imezidi. Nilisema hivyo hasa. Akakubali kwamba imezidi. Nikanawa mikono, nikaaga, akanifungia matunda ya peasi kwenye mfuko wa karatasi. Kwenye gari, tukishuka zile kona, nilijiambia nitamwandikia barua ndefu ya kumwomba radhi. Sikuiandika. Nikajiambia nitampigia simu. Nilimpigia, mara nyingi, tukazungumza mvua na bei ya karoti na mguu wake uliokuwa unamuuma, na kila nilipokaribia lile neno nilihisi kama nitamrudishia uchungu ambao pengine ameshausahau. Hicho ndicho kisingizio nilichojipa. Nilikuwa najihurumia mimi, huku nikijisifu kwamba namhurumia yeye. Pasaka iliyopita nilimwambia, "Mama, mwaka huu lazima nije, nina jambo." Akasema, "Njoo tu, mwanangu. Mimi nipo." Sikwenda. Palikuwa na kazi.

Nimefikiri sana wiki hii kuhusu kazi yetu hii, na si sisi waandishi peke yetu, maana siku hizi kila mwenye simu ni mwandishi. Mtu akilia mbele yetu, mkono unatafuta kamera. Jirani akitueleza lililomsibu, tunalisikiliza tukiwa tayari tunajua tutakavyolisimulia kwingine, na tutakapopumzika kidogo ili msikilizaji ashtuke. Wala hatuna nia mbaya. Mimi sikuwa na nia mbaya. Nilimpenda mama yule, nikadhani upendo wangu unanipa haki. Tumezoea kuamini kwamba jambo likiwa zuri na la kweli, basi ni la watu wote, na kulificha ni uchoyo. Lakini yako mambo ambayo mtu huyatunza ndani ya nyumba yake kwa miaka mingi, kwa mwanga kidogo na maji kidogo, na yanaishi kwa sababu hayajasogezwa. Mtu huyo hakushindwa kuyatoa nje. Alijua yanapoishi.

Nilifika Lushoto siku moja kabla ya mazishi. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mabati. Watu walikuwa wengi, wanakwaya wamevaa sare zao, na nilitambua baadaye kwamba kati ya wanawake waliokaa chini uani walikuwamo wengi ambao hawakuwa ndugu wala majirani. Walikuwa wale waliokatiwa vipande vya mmea. Hakuna aliyewaita, habari iliwafikia, wakaja. Mmoja wao, yule wa Soni, alikaa karibu na jeneza tangu asubuhi mpaka lilipotoka, hakula kitu. Kijana wa marehemu alikuwapo pia, mtu mzima sasa, mvi zimeanza. Tulisalimiana. Mkono wake ulikuwa baridi na aliuondoa mapema. Simlaumu.

Baada ya kuzika, watu wakiwa wanakula, binti aliniita nyuma ya jiko, mahali wanawake walipokuwa wakisuuza masufuria. Alisogea pembeni kidogo ili tusisikike. Macho yake yalikuwa makavu, yamechoka.

"Mwalimu, nina swali. Nimekaa nalo miaka minne, mama sikuweza kumuuliza. Kila nilipoanza alikuwa anatafuta kazi ya kufanya." Akavuta pumzi. "Alikuwa wa kike au wa kiume? Gazetini uliandika mtoto tu."

"Wa kike," nilimwambia.

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyekuwa amekisia. "Dada yangu." Akalitamka neno hilo mara nyingine, polepole. Kisha akauliza, kwa sauti iliyokaribia kukatika, "Walimpa jina?"

Walimpa. Mama alimpa, peke yake, kitandani pale, na jioni ile chini ya saa aliniambia. Kati ya yote niliyoyatoa nje, hilo sikulitoa, na ningependa kuwaambia kwamba nililiacha kwa heshima. Sivyo. Safu ilikuwa imejaa, halikupata nafasi. Nikainama, nikamwambia binti jina la dada yake sikioni. Alilirudia kwa midomo bila kutoa sauti. Ndipo alipolia, akiwa ameshika ukingo wa karo la kuoshea vyombo, na mmoja wa wanawake akaacha masufuria akaja kumshika.

Nilisubiri mpaka akatulia. Nikamwambia, "Nisamehe. Niliwakosea wote. Nilimkosea mama yenu." Lilitoka kirahisi, wasomaji wangu. Baada ya miaka mitatu lilitoka kama mate.

Alinitazama. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo. "Mimi nimekusamehe, mwalimu," alisema. "Lakini hilo ulitakiwa umwambie yeye. Alikuwa anakungoja. Pasaka alipika, akaweka sahani yako."

Alikwenda kumtafuta kaka yake. Niliwaona wamesimama karibu na karakana ya baba yao, yeye anazungumza, kaka ameinamisha kichwa. Kesho yake, kwenye ibada ya shukrani, mchungaji aliposoma majina ya watoto wa marehemu alisoma matatu. Kaka mtu ndiye aliyemwandikia karatasi ya majina hayo, na jina lake mwenyewe alilishusha nafasi ya pili. Hakuna aliyenong'ona. Yule mama wa Soni alifunika uso kwa kanga.

Jina hilo halimo humu na halitakuwamo. Lina wenyewe. Ninachoweza kuwapa ni hiki nilichokipata kwa kuchelewa. Ukiaminiwa neno, kaa nalo. Hata kama linakuchoma, hata kama ni zuri kuliko yote uliyonayo. Na kama ulishalitoa, usitafute siku njema ya kuomba radhi, wala maneno mazuri, wala safari ya kikazi itakayokupitisha karibu. Nenda leo, kagonge mlango, useme ukiwa bado umesimama kizingitini, kabla hujakaribishwa kukaa. Mimi neno hilo nililisema juu ya udongo mbichi wa kaburi lake, watu walipokwisha kuondoka, kwa sauti kabisa, mara tatu. Nikangoja, kwa mazoea ya mtu aliyezoea kujibiwa. Ukungu ulikuwa mzito. Nikavaa kofia yangu nikashuka.